Usaili wa Breki

Usiku wa kuamkia leo niliota nachuja chai.

Ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Baba yuko kibarazani anasikiliza redio, mimi niko jikoni, sufuria mkono wa kulia, kichujio mkono wa kushoto, na majani yanajaa kwenye kichujio kama siku zote. Ghafla chai ikakataa kushuka. Ikabaki imening'inia kati ya kichujio na chupa, nyekundu, imenyooka kama uzi.

"Samahani, madam," chai ikasema. "Wasailiwa wameshafika. Wanakusubiri wewe."

Nikasema sawa. Mimi ni mtu wa kusema sawa.

Kabla sijaendelea, nieleze kidogo mambo ya nikiwa macho, maana ndoto iliyatumia bila kuniomba ruhusa. Naitwa Nyangeta. Nina stashahada ya maabara, na wiki hii nilipigiwa simu kwamba nimepata kazi katika kituo cha afya huko Kigoma. Natakiwa kuripoti Jumatatu. Baba yangu, Mwalimu Manyama, hajui. Tangu Mama afariki tumebaki wawili tu ndani ya nyumba hii ya Musoma, na kila nikitaka kumwambia, mdomo wangu unaleta habari nyingine. Jumanne nilimwambia bei ya vitunguu. Jumatano nilimwambia kuku mmoja anachechemea. Alhamisi nilifika mbali, nikasema, "Baba, kuna jambo," halafu jambo lenyewe likawa ni kwamba sabuni imekwisha.

Basi nikaona nitangulize zawadi. Baba alifundisha hesabu miaka thelathini, na tangu astaafu furaha yake ni kuvua samaki kwenye mawe ya ziwani. Kuna mgeni alimwachia fimbo nzuri ya kuvulia, lakini haina rili, ile mashine ndogo ya kukunjia mshipi. Nikampigia muuzaji. Akaniuliza swali moja tu: "Unataka ya breki gani, dada?" Breki ndiyo inayoamua samaki akivuta aachiwe mshipi kiasi gani. Mpaka jana nilikuwa bado nachagua, na moyoni nilijua kwa nini sina haraka. Kuchagua breki ni rahisi kuliko kufungua mdomo.

Turudi ndotoni.

Chumba cha usaili kilikuwa stoo yetu ya mahindi, ila safari hii kilikuwa na meza ndefu na kitambaa cha kijani. Mimi, ambaye nimekaa upande wa kuulizwa mara kumi na moja, nimewekwa upande wa kuuliza. Mwenyekiti wa jopo ni sangara wa kilo arobaini. Amelala kwenye karai la bluu, kitambulisho kinaning'inia shingoni, ingawa hana shingo. Pembeni yake ananing'inia karani wetu, Mizani, ile ya ndoano wanayopimia samaki sokoni. Mizani anajua kusema tarakimu tu.

"Mheshimiwa mwenyekiti," nikamnong'oneza Sangara, "wewe ni samaki, na tunaajiri breki ya kukamatia samaki. Huoni kuna mgongano wa maslahi?"

"Mimi ni mdau," akajibu. "Sera inasema wadau washirikishwe."

Nikasema sawa.

Akasoma kanuni. "Breki isizidi theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wetu unahimili kilo tisa. Kwa hiyo breki iwe kilo ngapi, karani?"

"Tatu," akasema Mizani.

"Na kanuni hii inamhusu kila aliyemo chumbani."

Papo hapo mlango ukajifunga hadi ukabaki wazi theluthi. Nikavuta pumzi, ikaingia theluthi. Sangara akafanya mzaha kuhusu ndoano na tukacheka theluthi, halafu sote tukanyamaza kwa pamoja.

Msailiwa wa kwanza akapita ubavu mlangoni. Ni Breki ya Nyuma, kijana mwembamba aliyevaa koti, na kifundo chake cha kukazia kiko mgongoni chini ya koti.

"Ubora wako ni upi?" nikamuuliza, kwa sauti ile niliyozoea kuulizwa nayo.

"Napatikana kirahisi, madam. Samaki anavuta, mwenye rili anapeleka mkono nyuma, ananikaza au ananilegeza, mshipi haujaguswa."

"Na udhaifu?"

"Najituma kupita kiasi."

"Wote husema hivyo," Sangara akaguna. "Funua shati."

Kijana akainamisha kichwa, akafunua shati. Visahani vya breki yake vilikuwa tumboni, vidogo kama vifungo, si vya kumzuia samaki mkubwa. Nilimwonea huruma. Nikaandika "mwaminifu" kwenye fomu, nikamruhusu akae.

Wa pili ni Breki ya Kuachia. Huyu alikuja na manukato na miwani ya jua. Kiunoni ana kijiti cha kubonyeza.

"Samaki akichukua chambo," akasema, "mimi namwacha aende zake. Haoni uzito wowote. Anajiona huru."

Sangara akapiga makofi kwa mkia. "Huyu apewe barua ya ajira leo hii hii!"

"Sijamaliza, mheshimiwa. Mwenye rili akizungusha mpini wake mara moja tu, kijiti kinaruka, nakaza."

Makofi yakakoma. Maji ya karai yakatulia.

"Kwa hiyo unamdanganya?" nikauliza, macho yangu yakiwa kwenye fomu.

"Ah, madam. Nampa nafasi."

Wa tatu mlango ulimpa shida. Ni Breki ya Mbele, mama mmoja mpana, kifundo chake kiko kifuani kama bruchi ya gauni, na kila akipumua visahani vikubwa vinagongana ndani yake kama vyombo vya harusi. Nilijikuta nimesimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa, kaa. Ni mimi ninayeulizwa."

"Unajiona wapi baada ya miaka mitano?"

"Kabatini, nimelegezwa."

Sangara akauliza kama hana ndoto kubwa zaidi.

"Ndoto ni mambo yenu," mama akasema. "Mimi ukiniweka kabatini nimekazwa, visahani vyangu vinabonyea, vinagandana. Siku ya kazi nitaanza kwa kushtuka. Na mshipi mwingi ninaouona umekatika, umekatwa na mshtuko. Uzito ungeuvumilia."

"Udhaifu wako?"

"Nipangwe mapema, kabla samaki hajavuta. Ukingoja mpaka vurugu ianze ndipo upeleke mkono huku mbele, utajinasa kwenye mshipi wako mwenyewe. Na kupanga mapema, mwanangu, watu wengi hawapendi. Wanasema kesho."

Nilihisi masikio yanapata moto. Nikajifanya natafuta kalamu.

Nilidhani tumemaliza. Mlango ukagongwa tena, taratibu, na akaingia Kidole. Kidole cha shahada cha Baba. Nilimtambua mara moja, kwa unga wa chaki ukuchani na kwa mfuo mwembamba uliochimbwa na mshipi kwenye nyama. Baba hakuwahi kuwa na rili. Amevua kwa mkono mtupu, mshipi unapita kidoleni, samaki akivuta sana anaachia, akilegea anabana.

"Vyeti?" Sangara akauliza.

"Sina," Kidole akasema. "Nina kovu."

"Unaomba nafasi ya breki?"

"Siombi. Nimekuja kukabidhi ofisi. Asubuhi za baridi nakufa ganzi, sisikii samaki tena, nasubiri mpaka niambiwe na jicho." Akanigeukia. Alikuwa hana macho, lakini alinitazama. "Ila nakuomba kitu, mama. Usiwachague kwa maneno yao. Wavute."

"Usaili wa vitendo!" akatangaza Sangara kwa furaha. "Tunahitaji samaki."

Wote tukamtazama.

"Mimi niko kwenye kamati," akasema. Kisha wote wakanitazama mimi.

Nikasema sawa.

Stoo haipo. Niko juu ya ziwa, natembea, maji yananibeba bila kuniuliza kitu. Mshipi umefungwa kwenye mkanda wa begi langu la vyeti. Nyuma yangu Baba amesimama kwenye jiwe kubwa, amevaa kanzu ya kulalia, ameshika fimbo kwa mikono miwili. Ninaelekea Kigoma. Hakuna aliyeniambia, ila miguu inajua.

Wa kwanza kufungwa kwenye fimbo ni Breki ya Nyuma. Naanza kwenda, na Baba anaogopa, anapeleka mkono nyuma, anakaza. Anaona amenibana, anaona huruma, analegeza. Anaogopa tena. Napiga hatua tatu, navutwa mbili. Begi linanikaba kwapani.

"Moja. Saba. Mbili. Nane," Mizani anahesabu hewani.

"Saba na nane ni kuvunja kanuni!" Sangara anapiga kelele. Anaogelea kando yangu ndani ya karai lake. Kijana kule nyuma analia, anasema anajitahidi, na ni kweli, anajitahidi sana. Mimi nimepoteza kiatu kimoja karibu na Bunda.

Anafungwa Breki ya Kuachia. Sasa naenda kama upepo. Ziwa limekwisha, niko Shinyanga, mtaani, mguu mmoja peku. Nashangaa wepesi huu. Halafu sishangai tena, nasikia baridi. Mshipi upo kwenye begi lakini hauna mtu. Nageuka nyuma, sioni kitu. Nafanana na mtu aliyetoka nyumbani bila kuaga. Ndipo Baba, kule Musoma, anakohoa, mkono wake unazungusha mpini wa rili kidogo, na kila kitu kinakaza kwa mpigo. Nakaa kitako juu ya fungu la viazi vitamu.

"We binti! Hivyo vinauzwa!" anasema mwenye viazi.

"Shikamoo mama. Samahani. Niko kwenye usaili."

"Marahaba. Usaili wako kausailie kule."

Anafungwa Breki ya Mbele. Nainuka, najifuta, naanza kwenda tena, nikitegemea kushtuliwa. Sishtuliwi. Nasikia tu sauti ndogo nyuma yangu, krrrr, kama paka aliyeshiba. Nikiharakisha, mshipi unaharakisha. Nikisimama, unasimama na kunisubiri. Baba hagusi kitu. Ameshika fimbo tu, na ncha yake imeinama kuelekea kwangu.

"Tatu," anasema Mizani. "Tatu. Tatu. Tatu."

"Kama kuna uzito, mbona hauumi?" namuuliza Sangara.

"Mimi nilizoea wavu," anasema. "Usiniulize mambo ya adabu."

Tukiwa Tabora napata wazo. Napeleka mkono nyuma, naweka kidole changu cha shahada juu ya mshipi unaokimbia. Nataka tu kujua kama yupo. Yupo. Nasikia kupumua kwake, nasikia redio yake, nasikia anavyobadilisha mguu juu ya jiwe. Mshipi unachoma kidole na mimi sikitoi.

Ndipo Baba, kwa sauti ile ya kuita mahudhurio, akaita kutoka Musoma.

"Nyangeta! Unakwenda wapi?"

Nikafungua mdomo. Sauti ikatoka theluthi. Haikufika hata mwisho wa barabara.

"Samaki hajibu," Sangara akasema. "Utaratibu."

"Mimi si samaki."

"Basi jibu."

Nikamtazama Mizani. Alikuwa ananing'inia juu yangu bila kamba, mshale wake unatetemeka. Kisha akasema, polepole, kama mtu anayejua anavunja kanuni ya ofisi yake mwenyewe:

"Tisa."

Tisa ndiyo nguvu yote ya mshipi. Hapo unahimili au unakatika. Nikajaza kifua hewa, safari hii ikaingia yote, nikageuka kumwelekea Baba, na nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Chumba ni chumba changu, begi liko msumarini, viatu viwili vipo. Nikakaa kitandani nikijicheka, hasa kwa lile fungu la viazi. Nilipoinua mkono kurudisha kilemba cha kulalia, kidole kikaniuma.

Kwenye kidole changu cha shahada kulikuwa na mstari. Mwembamba, mwekundu, umepita katikati ya nyama, laini kama umepigwa kwa rula. Jana haukuwapo. Jana nilishika vitunguu, simu na ufagio.

Nikatoka nje. Baba alikuwa uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo Baba."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama."

Sijui kwa nini niliunyoosha mkono badala ya kuuficha. Baba akaweka gunzi chini, akakishika kidole changu, akakigeuza kwenye mwanga kama alivyokuwa akigeuza daftari lenye jibu asilolitegemea.

"Huu ni mshipi," akasema. "Umevua lini wewe?"

"Sijavua, Baba."

"Mimi huniambii kitu kuhusu alama hii. Hapa kuna samaki kavuta, na aliyeshika kaachia vizuri, hakumkata." Akatabasamu kwa upande mmoja. "Mkubwa?"

"Kilo hamsini na mbili," nikasema. Ni uzito wangu.

Baba akacheka, cheko zima. Kisha akaacha kucheka, akanitazama, kidole bado kiko mkononi mwake.

"Na alikuwa anakwenda wapi?"

"Kigoma, Baba. Ni mimi. Nimepata kazi Kigoma, naripoti Jumatatu. Nataka kwenda, na wiki nzima nimeshindwa kukuambia kwa sababu naogopa kukuacha peke yako."