Siku Mbili za Lakyn

Bahasha ya kwanza niliitia mwenyewe kwenye jiko la makaa. Haikuwa na nembo ya ofisi yoyote, na ilikuwa na jina la Lakyn, mjukuu wangu wa miaka saba. Nani anamwandikia barua mtoto wa miaka saba? Matapeli tu. Nikaichoma na kujisifu kwa ujanja wangu.

Wiki hiyohiyo Hobert, jirani yangu, akasimama nje ya uzio, barakoa ikining'inia kidevuni.

"Ardith, kadi ya chakula ya Lakyn imefika?"

"Kadi gani? Mimi sijaomba kitu serikalini."

"Haiombwi! Watoto wote waliokuwa wakila shuleni wanatumiwa kadi yenye pesa ya chakula, kufidia milo waliyoikosa tangu korona ifunge shule. Hata wajukuu wa mwenye duka la magari wamepata. Inakuja kwenye bahasha nyeupe, haina nembo."

Nikageuka kutazama nyumba, jiko liliko.

"Usiniambie umeichoma."

"Nimeichoma."

"Mwanamke wewe! Si ungechoma na nyumba kabisa?"

Kazi yangu ya kufua nguo kwenye nyumba ya wazee ilikuwa imesimama. Basi la shule lililokuwa likituletea chakula cha pakiti hadi mwanzo wa bonde letu lilikuwa limeacha kuja. Tulikula maharagwe na mkate wa mahindi, kesho maharagwe tena, na Lakyn alikuwa ameanza kusema ameshiba kabla sahani haijafika nusu. Nilijua ananiachia mimi. Iliniuma sana.

Nikapiga simu kuomba kadi nyingine. Ilichukua mwezi mzima kufika. Safari hii Hobert alikuja kukaa barazani kunisimamia, asije akasikia nimeichoma tena. Ili kadi ifanye kazi, unapiga namba iliyoandikwa nyuma yake, na mashine inakuuliza mwezi, siku na mwaka aliozaliwa mtoto.

Nikabonyeza tarehe tatu Agosti.

"Taarifa hazilingani," ikasema mashine.

Nikarudia polepole.

"Taarifa hazilingani. Umebakiwa na jaribio moja."

"Una hakika na tarehe?" Hobert akauliza.

"Nilimpokea kwa mikono hii, kitanda kile pale, mafuriko yamefunga barabara! Unaniuliza kama nina hakika?"

"Basi mashine imekosea."

"Au mimi. Sijui tena, Hobert."

Na kweli sikujua. Tangu Machi siku zote zilifanana, Jumanne haina tofauti na Jumapili. Nikaanza kujiuliza kama tarehe tatu ni ya Lakyn au ya mama yake, aliyekwenda jimbo la Ohio kutafuta kazi na hajarudi.

Lakyn alikuwa ameketi kwenye ngazi. Akasema bila kugeuka, "Bibi, weka ile ya shuleni."

"Ipi ya shuleni?"

"Ya kwenye Biblia."

Ndipo ikanirudia yote: kadi zilifuata orodha ya shule. Shule yetu inataka mtoto awe ametimiza miaka mitano ifikapo tarehe mosi Agosti. Lakyn alikuwa amechelewa siku mbili, na siku mbili hizo zilimaanisha mwaka mzima nyumbani na jokofu tupu, wakati wenzake wanakula asubuhi na mchana shuleni. Cheti chake cha kuzaliwa hakikuwa kimetoka bado, maana alizaliwa nyumbani. Kwa hiyo nikachukua Biblia ya ukoo, ile yenye ukurasa wa waliozaliwa na waliokufa, nikaandika jina la Lakyn na Julai 30 chini ya jina la baba yangu, nikampelekea karani wa shule. Nilidanganya ndani ya Biblia, kisha nikasahau.

"Wewe umejuaje?" nikamuuliza.

"Biblia nimeisoma mwenyewe, na jina langu liko ukutani darasani, kwenye orodha ya waliozaliwa Julai. Sijawahi kumsahihisha mwalimu."

"Kwa nini?"

"Nilidhani wakijua hawatanipa chakula."

Miaka miwili alikuwa akila kila mlo wa pale na hofu hiyo. Hobert akajifanya anatazama barabara.

Nikabonyeza Julai 30. Mashine ikashukuru, ikataka nichague namba nne za siri ambazo sitazisahau kamwe. Nikamwita Lakyn aje abonyeze mwenyewe, nikamtajia moja moja kwa sauti, mwezi kwanza kisha siku: sifuri, nane, sifuri, tatu.