Mzizi Usiopenda Maji

Panya akiwekwa juu ya kibao cha joto hapigi kelele. Kwanza hunusa hewa, kisha huinua mguu mmoja wa nyuma, akaurudisha, akainua wa pili, na mwishowe huuleta unyayo mdomoni na kuulamba. Hapo ndipo mimi hubonyeza saa. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yangu imekuwa hiyo: kuhesabu sekunde tangu mguu uguse joto hadi ulimi uguse mguu. Panya asiyepewa kitu hulamba kwenye sekunde ya tisa hivi. Aliyepewa dawa inayotuliza kweli hukaa ishirini, hata ishirini na tano, akitazamatazama kuta za kioo kama mgeni aliyekuja kutembea. Ikifika thelathini tunamwondoa hata kama hajalamba, asije akaungua.

Panya waliopewa mzizi wa shangazi yangu walilamba kwenye sekunde ya tisa hivi. Wote kumi. Niliandika namba zao kwa mkono usiotetemeka, na mkono ule kutotetemeka ndiko kunakonitia haya kuliko yote nitakayoyasimulia.

Shangazi ndiye aliyenilea. Mama alifariki nikiwa na miaka minne, baba akaenda kutafuta riziki na riziki ikamtafuna huko huko. Shangazi alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mpana, mwenye mikono ya kukanda unga wa watoto mia tatu, na juu ya dirisha la chumba chetu hapakukosekana chupa kubwa ya kioo iliyojaa mafuta ya ufuta na vipande vya mzizi wa manjano. Waliokuja kuomba kijiko walikuwa watu wa migongo: wapagazi, waashi, walimu waliosimama mno, fundi cherehani wa nyumba ya jirani aliyekuwa ameinama tangu ujana wake. Mimi nilikuwa mkorogaji. Kila jioni nilipanda kigoda, nikakoroga mara saba, huku yeye akinisomea sheria kana kwamba sijawahi kuzisikia: "Mzizi huu haupendi maji. Ukiuchemsha unanuna. Mafuta, kivulini, siku saba. Ya nane unachuja."

Nilikuwa nikicheka. Mzizi unanuna! Lakini nilikoroga, na wapagazi waliondoka wakitembea wima kuliko walivyokuja.

Maabara yetu ilipoanza mradi wa kupima mimea ya asili inayosemekana kutuliza maumivu, nilimpigia simu shangazi kabla hata sijamaliza kusoma tangazo. Nilitaka mzizi wake uwe wa kwanza. Ila kuna jambo sikumwambia. Mkuu wetu wa maabara alikuwa na utani wake, aliourudia kila kikao mpaka ukawa kama sala ya kufungulia: kila mzizi usiofaa una ndugu yake maabara. Watu walicheka, nami nilicheka nao, tena kwa sauti. Nilikuwa nimeingia pale kwa kuosha vioo, nikapanda ngazi moja moja hadi kushika saa, na wenzangu waliotoka vyuoni na vyeti vyao walikuwa bado wananitupia jicho la yule aliyeosha vioo. Nikiwaambia kwamba nina shangazi mwenye chupa dirishani, nilijiambia, nitakuwa nimewapa kamba ya kunifungia.

Alifika siku ya tatu, mchana, amevaa viatu vyake vya harusini vyenye kisigino, ambavyo nyonga yake ilikuwa imevikataa miaka mingi. Alibeba furushi katika kitambaa kilichopigwa pasi. Nilimkuta langoni akipumzika kwenye kiti cha mlinzi, anatabasamu, na kabla sijamwamkia, Mkuu akatokea na wageni wawili wenye suti.

"Na huyu mama ni nani?" akauliza, kwa wema tu.

"Mletaji wa mizizi," nikasema. "Mmoja wa waletaji wetu."

Shangazi alinitazama. Hakunikazia macho, wala hakushtuka. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyejikojolea mbele za watu, pale mzazi anapotafuta haraka namna ya kumfunika. Akajishikiza kwenye kiti, akanyanyuka, akainamisha kichwa.

"Ndiyo, bwana," akasema. "Mimi ni mletaji tu. Daktari hapa ndiye aliyeniita."

Mimi si daktari. Yeye anajua, ndiye aliyeninunulia sare ya kuoshea vioo. Wageni wakamshukuru, Mkuu akampa mkono, wakapita. Nikalipokea furushi kwa mikono miwili kama mtu wa ofisi, nikamsindikiza hadi kituoni haraka haraka, wala sikumwingiza ndani hata akanywa maji.

Kumbe haraka ile ndiyo iliyoua kazi yenyewe. Kwa utaratibu wetu, mletaji huketishwa chumba cha mbele, akaulizwa dawa yake huandaliwaje, na maelezo yake huandikwa mbele ya mtu wa pili. Mimi sikuthubutu kumketisha. Ningemketisha, angeulizwa amenijuaje, anakaa wapi, ana watoto wangapi. Basi kwenye fomu, penye maelezo ya mletaji, niliandika kwamba hakutoa maelezo. Chini yake palikuwa na mstari mwingine: Uhusiano wa mletaji na mtafiti. Nikaandika: Hakuna. Na mzizi usio na maelezo, kwa utaratibu ule ule, huchemshwa kwa maji.

Asubuhi ya kipimo, mlishaji wa wanyama, mzee tuliyemwita Baba Panya kwa sababu aliwajua panya wake mmoja mmoja, alinusa ile chupa ya maji ya manjano akakunja uso. Akaniuliza kama mwenyewe alisema mzizi unachemshwa. Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusema ngoja, tungoje siku saba, nileteeni mafuta ya ufuta. Lakini angeniuliza nimejuaje.

"Hakusema," nikamjibu.

Nikawasha kibao. Tisa, nane, tisa, kumi, tisa.

Ripoti ilisema sampuli ya kumi na nne haikuonyesha uwezo wowote wa kutuliza maumivu. Saini yangu iko chini, ya kwanza kushoto, na fomu niliyoijaza ilinakiliwa humo mstari kwa mstari. Utaratibu unataka kila mletaji apelekewe nakala, na nakala ilipelekwa, nami sikuizuia. Nilijipa moyo kwamba shangazi hatajisumbua na karatasi nne za majedwali. Nilijidanganya. Shangazi husoma hata maandishi ya kwenye boksi la viberiti.

Baada ya hapo niliuma nikapuliza kama wale wale ninaowapima. Nilimtumia blanketi zito la rangi ya zambarau. Nilimpigia simu siku za mapumziko, simu fupi, na kila mara alisema hajambo, mzima, nisiwe na wasiwasi. Miezi saba sikukanyaga kwake. Nilisema ni kazi. Mkataa kwao ni mtumwa, wahenga wamesema, ila hawakusema kwamba mtumwa mwenyewe anaweza kuwa na mshahara mzuri na kitambulisho kifuani.

Aliyenipigia hatimaye ni fundi cherehani, yule jirani. Alisema shangazi hajatoka chumbani tangu juzi, nyonga imekamata, hata mlango alimfungulia kwa kutambaa. Nikamuuliza, kama mpumbavu, kama amekunywa kijiko chake.

"Kijiko gani?" akasema fundi. "Si mzizi mliupima mkasema haufai? Alituita wote akatuambia. Sasa kila mtu na mgongo wake."

Nilifika kwake kabla ya saa sita. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Chumba kilikuwa safi, kila kitu mahali pake, ila dirishani ile chupa ilikuwa imeoshwa ikang'aa, na ndani yake mlikuwa na vifungo vya nguo. Nimewahi kuona maiti, nimewahi kuona nyumba iliyoungua. Sijawahi kuona kitu kilichonikosesha pa kuuweka uso wangu kama vile vifungo.

Yeye alikuwa kitandani, ameketi, mgongo umeegemea ukuta, blanketi la zambarau limemfunika miguu. Alikuwa amepungua. Nilimwamkia nikiwa nimepiga magoti, akaitikia, akauliza habari za kazi, akauliza kama nimekula.

"Unaumwa tangu lini, shangazi?"

"Tangu zamani. Nimejikaza kisabuni, mwanangu, lakini hata sabuni huisha." Akacheka kidogo, kicheko kikamfikia nyongani, akanyamaza.

Alinieleza kwamba vidonge vya hospitali anavyo, vimo kwenye mtoto wa meza, ila vinamchoma tumbo mpaka anatapika, basi amemwachia meza avimeze yeye. Nikamuuliza mafuta yake yako wapi. Akasema aliyamwaga. Nikamuuliza kwa nini, na sauti yangu ikatoka kali, kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Aliinua mto, akatoa ripoti. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kufunguliwa mara nyingi, mikunjo imeanza kukatika. Akaiweka juu ya blanketi, upande wa saini juu.

"Jina lako liko hapa," akasema. "Ningewapaje watu dawa ambayo mtoto wangu ametia saini kwamba haifai? Mmoja wetu angekuwa mwongo. Sikutaka uwe wewe."

"Lakini wewe ulijua inafaa."

"Nilijua."

"Basi ungekunywa mwenyewe. Nani angekuona?"

"Niwanyime watu, halafu nijifungie ndani ninywe? Ningekuwa mtu gani huyo?"

Nilitaka kulia, machozi yakakataa, na nilistahili yakatae. Nikamwambia yote, nikitazama sakafu: langoni, fomu, maji, Baba Panya. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza, kidole chake kilikuwa kimeshuka kwenye karatasi hadi mstari mmoja, na sikuhitaji kuusoma ili niujue.

"Hilo la mzizi halikunisumbua," akasema. "Niliposoma tu kwamba mmechemsha, nikajua mzizi umenuna. Lakini hili la hapa nililisoma, nikalirudia. Nikasema labda ni lugha ya maabara. Labda kule neno 'hakuna' lina maana nyingine."

Nje fundi alikuwa akiendesha cherehani yake, anashona, anasimama kupumzisha mgongo, anashona tena.

Nikatoa kalamu, nikaigeuza ripoti upande wa nyuma uliokuwa mweupe, nikaanza kumwandikia Mkuu juu ya paja langu. Niliandika kwamba sampuli ya kumi na nne ilipimwa visivyo na kosa ni langu. Kwamba maelezo ya kuuandaa mzizi niliyajua tangu utotoni, nikayaficha. Kwamba mletaji ni shangazi yangu aliyenilea. Kwamba naomba ipimwe upya na mtu mwingine, nami nitapokea lolote atakaloamua. Mkono ulitetemeka, herufi zikawa za mtoto wa darasa la kwanza. Nikamsomea polepole. Alifumba macho, na nilipofika kwenye neno shangazi hakuyafumbua.

"Hujaandika kivulini," akasema.

Nikaongeza: kivulini.

Mizizi ilikuwa bado ipo, nusu furushi, juu ya kabati. Nilimwaga vifungo kwenye sahani, nikakatakata vipande kama alivyonifunza, fundi akatuletea mafuta ya ufuta bila kuuliza swali, ingawa uso wake ulikuwa na maswali mengi. Nikajaza chupa, nikairudisha dirishani nyuma ya pazia, nikakoroga mara saba. Siku saba. Hakuna njia ya kuzifupisha, na mzizi haujui kwamba kuna mtu anaumia. Wala sikuwa na hakika panya wangesema nini safari hii, mbele ya Mkuu, na saa ikiwa mkononi mwa mwingine.

"Na hizi siku saba utafanyaje, shangazi?"

"Nitafanya kama nilivyofanya hiyo miezi saba." Akalisukuma blanketi. "Nishike. Nataka kuiona chupa ilivyokaa."

Nilimwambia inaonekana vizuri kutoka pale kitandani. Hakunisikiliza, hajawahi kunisikiliza. Akateremsha mguu wa kulia, kisha wa kushoto, na unyayo ulipogusa sakafu, mdomo wangu ukaanza wenyewe, kwa sauti ya chini, kama ulivyozoeshwa kwa miaka kumi na mmoja. Moja. Mbili. Alisimama, ameshika ukingo wa meza. Tano. Sita. Jasho likamtoka juu ya mdomo. Kwenye tisa akauma midomo, na mguu wa kushoto ukainuka kidogo kutoka sakafuni.

"Unahesabu nini?" akauliza.

Neno lililonijia ulimini lilikuwa lile lile la kwenye fomu: hakuna. Nililimeza. Nikaweka bega langu chini ya kwapa lake, nikahisi uzito wake wote ukinishukia, mwingi kuliko nilivyodhani mwili ule uliopungua ungekuwa nao. Alivuta pumzi, akausogeza mguu kuelekea dirishani.

"Ulifika tisa," akasema, na akaendelea kuhesabu mwenyewe, kwa sauti, hatua kwa hatua: kumi, kumi na moja.