Mimi si Robota

Mama muuza mitumba alikuwa amefungua marobota ya nguo tangu ujana wake, na mumewe akampa jina humo humo: Robota. Mwanamke kajaa, alisema mzee, kafungwa barabara, na hujui mna nini ndani mpaka ufungue. Jina likamganda.

Sasa mzee alikuwa hospitalini, kesho asubuhi apasuliwe moyo, na huko huingii wodini bila kuweka nafasi kwenye tovuti. Ya jioni ilibaki moja. Binti yao, mwenye vidole vyepesi, alijaza kila kitu chapuchapu, akabonyeza kisanduku cha mwisho. Tovuti ikamkatalia. Akarudia, ikamkatalia tena. Haraka haraka haina baraka, hata kwenye kompyuta.

Binti akaeleza kwa uchungu kwamba tovuti imemdhania mashine. Inapeleleza mkono, alisema: mashine huenda moja kwa moja, binadamu huyumba. Akampisha mama kiti.

Mama akavaa miwani yake iliyochoka. Maneno kando ya kisanduku yalikuwa "Mimi si roboti", lakini macho husoma kile moyo ulichozoea. Aliona: Mimi si robota. Mkono ukaenda kwenye kisanduku, ukasita, ukarudi, ukazunguka. Aliogopa kweli kweli. Jambo kama hili, siku kama hii, lina nuksi.

"Mama, bonyeza. Wengine watatuwahi."

"Nimkane baba yako leo?"

Binti akatazama kioo cha kompyuta, akaelewa, akacheka huku machozi yanamlengalenga. Hakumsahihisha. Alimwambia tu kwamba baba atamsamehe. Mama akafumba macho, akabonyeza. Alama ya kijani ikatokea papo hapo, na nafasi ikawa yao.

Jioni aliketi kando ya kitanda akaungama yote, hata kule kusitasita. Mzee alisikiliza, uso mkavu, kama hakimu.

"Umesema kabisa wewe si Robota?"

"Nimebonyeza, baba watoto. Bila hivyo nisingekuona."

Mzee akautafuta mkono ule uliobonyeza, akaufunika kwa wake.

"Hao hawakujui," alisema. "Mimi mwenyewe bado sijamaliza kufungua. Kesho lazima niamke."