Uji wa Gaster

Jirani Akello, anayepeleka vitunguu Jinja kila siku ya soko, anadai alimwona Eriya, mkuu wa walinzi wa ghala moja la pamba, akimeza uji bila kikombe. Alikuwa amesimama langoni, bunduki begani, mikono mitupu. Koo likapanda, likashuka. Akajifuta ndevu, akasema, "Hii uji ya leo haina sukari."

Nabifo alimsikiliza huku akiosha kijiko. Ni kweli, asubuhi hiyo sukari ilikuwa imeisha nyumbani kwao Nabuyonga, Mbale.

Kaka yake, Gaster, alikuwa akipakia marobota ya pamba katika ghala hilo. Walimrudisha kichwa kimefungwa bendeji, wakasema ameanguka kutoka juu ya lori. Tangu hapo hakusema neno. Uji aliolishwa ulipita ulimini ukapotea. Haukumkwama, haukumwagika. Tumbo tu lilibaki tupu, na mbavu zikazidi kujitokeza.

Sista Gorreti wa hospitali aliwafundisha mazoezi. Gaster asukume kijiko kwa ulimi, Nabifo akikishikilia. Alambe asali iliyopakwa juu ya mdomo. Ashike ncha ya ulimi kwa meno, taratibu, ameze mate. Walifanya hivyo kila siku kabla ya uji, hata ulimi ukapata nguvu za kumsukuma Nabifo mpaka ukutani, yeye na kigoda chake.

"Ulimi umepona," alisema Sista Gorreti, vidole vyake kooni mwa Gaster. "Kumeza kwenyewe ndiko hakuko hapa. Kumebaki kwa aliyempiga."

Basi mtaa mzima ukajua ni nani. Polisi naye akaambiwa. Akasema kumeza si kosa.

Siku Nabifo alipopika malewa, machipukizi makavu ya mianzi, kwa karanga, akayaponda laini, Akello alirudi kutoka Jinja na salamu.

"Afande anasema asante. Lakini uongeze karanga."

"Amesema asante?"

"Mimi nakwambia! Anapiga tumbo hivi, pa, pa. Ile shati ya kazi haifungi tena."

Kesho yake Nabifo alimwachia Akello bakuli na kijiko amlishe Gaster, akapanda basi la Jinja. Alimkuta Eriya langoni, shingo imenona. Akapiga magoti, kama msichana anavyopaswa mbele ya mkubwa.

"Afande, mimi ni dada ya Gaster."

"Eh! Mpishi wangu!"

"Ulimi yake sasa iko na nguvu, afande. Naomba ufunge koo kidogo tu. Kijiko moja ishuke kwake. Atakufa."

Eriya alifungua mdomo kujibu. Koo likapanda, likashuka. Likapanda tena.

Mtu aliyefunzwa adabu hasemi na chakula mdomoni, kwa hiyo Nabifo alingoja, magoti vumbini. Bakuli alilomwachia Akello lilikuwa limejaa.