Kuonja na Kugida

Karani Athumani alisoma maelezo kwa sauti, baraza zima likimsikiliza: "Mimi Timotheo ndiye niliyemimina boha. Nilionja kidogo kama ilivyo desturi, kisha nikampa Mzee Rubeni kibuyu kilekile."

"Kidogo!" mtu akaguna nyuma. "Angeonjaje sana, naye anajua alichotia?"

Sefania, mke wa Timotheo, alimhamisha mtoto bega hadi bega. Ilikuwa siku ya nne Mzee Rubeni amelazwa hospitali, hamjui hata mwanawe, na kijiji kizima kilishasema ile boha, pombe ya miwa, ilitiwa sumu. Timotheo na Rubeni walikuwa wakigombania mpaka wa shamba tangu masika. Zumbe, mkuu wa baraza, akiyakubali maelezo yale, Timotheo angepelekwa bomani Lushoto leo hii.

Na Sefania mwenyewe hakuwa na hakika. Jioni ile mumewe alirudi na kifua cha shati kimelowa chepechepe. Mvua, alisema. Mvua gani inayolowesha kifua ikaacha mgongo? Tangu hapo alikuwa akimchungulia akila, akimchungulia akilala. Maana mtu hulowa kifua kwa pombe kwa njia mbili: ama ameinywa kwa pupa, ama amejimwagia makusudi asiimeze.

"Baba Tobia," alimnong'oneza, "ulionja, au uligida?"

Timotheo alitupa jicho kwenye benchi la mchungaji na wazee wa kanisa, alipozoea kukaa yeye. "Funga mdomo."

Jicho lile Sefania aliliona. Akasimama. "Bwana karani, neno hilo silo."

"Mama Tobia, shule ya jioni imeshakufanya mkaguzi?" Watu wakacheka.

"Bado najifunza, bwana. Lakini kuonja ni kazi ya ulimi. Kunywa, hata chai twanywa. Kugida ni kama ndama akifunguliwa jioni: hapumui, maziwa yanamchuruzika shingoni, ukimvuta anakupiga kichwa. Muulizeni mwenye pombe, aliona lipi?"

Jenoveva, aliyeipika pombe ile, aliinamisha kichwa. "Aliniomba nisiseme."

"Sema!" Zumbe akaamuru.

"Aligida! Mzee wa kanisa mzima! Nusu kibuyu ilikwenda, ndevu zinatiririka, mpaka nikamnyang'anya, nikamwambia mwachie na mwenzio. Kilichobaki ndicho alichokunywa Mzee Rubeni."

Kicheko kilianza, kikakatika. Zumbe alikuna kidevu. "Ingekuwa sumu, wangelazwa wawili. Tena huyu ndiye angetangulia." Akamgeukia Timotheo. "Haya, mwenye kinywa ni wewe. Liandikwe neno lipi?"

Timotheo alimtazama mchungaji.

"Niligida," alisema.

Karani akafuta, akaandika upya.

"Jumapili usikae mbele," mchungaji alimwambia bila hasira. "Wala usije mezani pa Bwana mpaka nikuite."

"Ndiyo, mchungaji."

Njiani kurudi, Timotheo alimpokea mtoto, akatangulia. Sefania aliharakisha, wakawa sambamba.

"Ungekubali kufungwa kwa ajili ya benchi? Na mimi nikalala na mashaka siku nne?"

"Niliona haya, mama."

"Siku ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza?"

"Ya kwanza."

Sefania alisimama, akamkazia macho mpaka mwenzake akainamisha yake.

"Ya tatu," Timotheo akasema.