Mfarishi wa Langida

Mwaka ule wakimbizi kutoka Burundi walipofurika Kigoma, kikundi chetu cha akina mama wa Ujiji kilikuwa kikiunga vipande vya vitenge kuwa mifarishi ya kuwafunika watoto wachanga. Kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyesomea ushonaji chuoni, wenzangu waliniita Mwalimu, na nikapewa pindo la mwisho la mfarishi wa Langida, mmoja wa wakimbizi hao. Alikuwa amejifungua siku nne tu zilizopita, na lori la kumpeleka kambini lilikwisha kuwasha injini.

Tulishona mkekani, kazi ikiwa mapajani. Nilipofunga uzi niligundua kwamba nimeushona mfarishi pamoja na sketi yangu. Niliona haya kusema, nikabaki kutabasamu.

"Mwalimu, simama umpe mwenyewe," alisema Bi Mwasiti, mkubwa wetu.

"Mpeni nyie tu. Shikamoo."

"Hiyo shikamoo ya tatu tangu asubuhi. Unaumwa?"

Langida akainama, akauvuta mfarishi, nami nikavutika nao.

"Dada, na wewe unakuja kambini?"

Honi ikalia. Hapakuwa na muda wa kufumua, nikaomba mkasi na kuikata sketi. Langida alipanda lori na mtoto wake kafunikwa vizuri, kipande cha sketi yangu kikining'inia pindoni.

Bi Mwasiti alinitupia kanga nijifunge. "Chuo kimekufundisha," alisema. "Kile kipande hakibanduki."