Pedali za Kujifunga

Siku Ogeto aliponunua baiskeli ya mlimani, mkewe Bonareri alisimama naye dukani, Kisii mjini, akiwa ameshika pedali mbili pana, bapa, zenye vijino vya chuma vya kuuma soli ya kiatu. Muuzaji alikuwa ameshaeleza yote. Hizi bapa unakanyaga tu, ukitaka kusimama unatua mguu chini. Zile nyingine, ndogo, zinakibana kiatu chake maalumu kwa chini, na mguu hautoki mpaka upindue kisigino.

"Baba Ashley, chukua hizi," Bonareri akasema. "Wewe hata kamba za viatu zinakusumbua."

Ogeto angezichukua. Lakini nyuma yake alikuwa Mogire, wakili wa mjini na kiongozi wa kikundi chao cha baiskeli cha Jumapili, na Mogire akacheka kidogo kwa pua. "Hizo ni za watu wa kupeleka ndizi soko, buda."

Basi. Mwanamume mzima mwenye duka la dawa, baba wa watoto, akaogopa kicheko cha puani. Akachukua za kujifunga pamoja na viatu vyake, na mbele ya watu akamwambia mkewe kwamba mambo ya baiskeli hayajui. Bonareri akarudisha zile pedali bapa kwenye rafu polepole.

Kupanda milima Ogeto aliweza. Kusimama ndiko kulikomshinda. Kila mara alipotaka kutoa mguu alisahau kisigino kinapinduliwa upande gani, na akishasahau, baiskeli haimsubiri mtu akumbuke. Kwa hiyo akabuni ujanja wake: alisimama tu palipo na kitu cha kushika, iwe ua, mlingoti wa stima au mgomba. Wenzake walipotua kunywa maji, yeye aliwazunguka tu, akisema hataki misuli ipoe. Mogire akamsifu mbele ya wote kwamba huyu ndiye mwendeshaji wa kweli. Ogeto akakipokea kilemba hicho cha ukoka na kichwa kikavimba.

Jumapili moja njia yao ilipitia Nyakoe, ikaparamia ukingo wa Manga, ikashuka upande wa Nyamira kwenye mashamba ya majani chai. Huko ndiko nyumbani kwa kina Bonareri. Ogeto alijua kwamba barabara inapita mbele ya lango la mama mkwe wake, na alijua amevaa kaptura ya kubana isiyoficha kitu. Kwa Wagusii, mkwe na mama mkwe hata mikono hawapeani. Wanaheshimiana kwa mbali, na wakikutana njiani kila mmoja anatafuta pa kuangalia. Akaamua kupita pale mbio kama upepo, awaache wenzake nyuma na mama asipate hata muda wa kumtambua.

Angepita, kama ng'ombe wa mama mwenyewe hangekuwa katikati ya barabara. Ogeto akafunga breki. Baiskeli ikasimama, ikafikiri kidogo, ikalala ubavu ndani ya mtaro uliojaa maji ya mvua ya jana, na Ogeto akalala nayo. Mguu wa chini ukabaki umefungwa kwenye pedali, umepindika, na meno ya mnyororo yamemwingia kwenye shavu la mguu. Kila alipojivuta maumivu yalimpanda hadi kwenye meno.

Mama Esnah, mama mkwe mwenyewe, alikuwa akimfuata ng'ombe wake. Ni Msabato, Jumapili kwake ni siku ya kazi, na majirani zake Wakatoliki wote walikuwa kanisani. Alipoona ni nani akageuka haraka, akampa mgongo, akaita majina ya watu upande huu na upande ule. Hakuna aliyeitika.

"Baba Ashley," akasema akiutazama mti, "simama."

"Mguu umefungwa, Mama."

"Umefungwa na nani?"

Swali hilo lilimchoma kuliko meno ya mnyororo, kwa maana jibu lake alilijua.

Akaomba, "Mama, usinishike. Nitatoka." Na hakutoka. Maji machafu yalimfika kidevuni. Mama Esnah alingoja, akamsikia anavyopumua, kisha akaweka kando heshima ya maisha yake yote. Akaingia mtaroni na gumboti zake, akakishika kiatu kwa mikono miwili, akakipindua ndani, ikashindikana, akakipindua nje, kikaachia. Alifanya hayo yote uso ukiwa kando. Ogeto alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wakati wanatoka mtaroni, wote wawili matope matupu, kikundi kikatokea kwenye kona.

"Nini mbaya?" Mogire akauliza.

Ogeto alikuwa na nafasi ya kusema kweli. Ilikuwa fupi, lakini alikuwa nayo. "Mama ameanguka mtaroni," akasema. "Nimeshuka kumtoa."

Mama Esnah akamtazama, kwa mara ya kwanza tangu alipomwoa binti yake. Kisha akainamisha macho kwenye gumboti zake. "Ni kweli," akasema. "Nimeanguka. Kijana amenitoa."

Wakampigia Ogeto makofi. Mogire akapiga picha. Ogeto akatabasamu katika picha hiyo, na bado ipo. Njia nzima ya kurudi mjini alijisikia mchafu, na haikuwa kwa sababu ya matope.

Picha ikasambaa kwenye simu za watu ikiwa na maneno ya sifa, na kabla ya Jumatano ilikuwa imefika Nakuru kwa Joash, kaka mkubwa wa Bonareri. Joash alikuwa amemsumbua mama yake tangu baba yao afariki: aache shamba, akakae naye mjini. Mama alikataa katakata, akisema miguu yake iko sawa na chai yake haiwezi kuchumwa na mtu mwingine. Sasa mdomo wake mwenyewe ulikuwa umesema ameanguka. Joash akaita kikao cha Jumapili. Ng'ombe atauzwa, chai itakodishwa, mama atahama.

"Mama analia," Bonareri alisema, simu bado mkononi. "Amenipigia, hasemi kitu, analia tu. Baba Ashley, alianguka namna gani hasa?"

Ogeto akamwambia. Alimwambia akiwa ameutazama ukuta, mpaka kwenye mikono ya mama na kaptura yake. Bonareri hakufoka, na afadhali angefoka.

"Kwa hivyo yeye anabeba aibu yako mpaka Nakuru," akasema.

Siku iliyofuata Ogeto alikwenda dukani peke yake akanunua zile pedali bapa, akazifunga mwenyewe. Alizijaribu uani: unakanyaga, unatua. Rahisi hivyo. Alijionea haya zaidi, kwamba kitu chepesi hivi ndicho alichokiogopa. Lakini Jumapili asubuhi, kabla ya kwenda kikaoni, Bonareri alimkuta amechutama na spana, anazing'oa.

"Si ulisema hizo ndizo zinakufaa?"

"Zinanifaa. Leo nitatumia zile za kujifunga." Akaiingiza baiskeli kwenye gari lao, yeye akiwa amevaa suti ya kanisani na vile viatu vya baiskeli.

Kikao kiliketi uani. Joash na nduguze walikaa kwenye viti vya plastiki, wake zao pembeni, na Mama Esnah mbali kidogo karibu na jiko, amempa mkwe wake ubavu kama inavyotakiwa. Joash alizungumza kwa upole, kama mtu ambaye ameshaamua. Alipomaliza Ogeto akasimama.

"Mama hakuanguka," akasema. "Mimi ndiye nilianguka. Kiatu kilinasa kwa pedali, na Mama ndiye alinitoa. Nilidanganya."

Watu wakatazamana. Mama Esnah akatikisa kichwa. "Mwacheni huyo. Ananihurumia tu. Nilianguka mimi."

"Umesikia?" Joash akamwambia. "Mwenyewe anasema. Shemeji, tunashukuru, lakini usitusaidie kwa uongo."

Hapo ndipo Ogeto alipojua kwamba alikuwa amefanya vizuri kuja na zile pedali za kujifunga. Uongo wake ulikuwa umeota mizizi, na aliyekuwa akiumwagilia maji ni yule yule anayeumia. Akaenda kwenye gari, akaishusha baiskeli, akaipanda mbele ya wakwe zake wote. Akafunga mguu wa kwanza. Akafunga wa pili. Akazunguka ua mara moja, tai inapepea, watoto wakaanza kushangilia, kisha akashika breki katikati ya ua mahali pasipo mlingoti wala mgomba wa kushika.

Akaanguka kama gunia la viazi.

Watoto walicheka. Wake wa shemeji zake walifunika midomo. Ule mguu uliokuwa haujapona ulikuwa chini tena, umepindika tena, na Ogeto, aliyekuwa amepanga kueleza mambo kwa utulivu akiwa pale chini, akapiga yowe mbele ya ukoo mzima. Joash akamkimbilia, akavuta kiatu. Akakivuta huku, akakivuta kule. Ndugu yake akaja wakavuta wawili, na Ogeto akapiga yowe la pili.

"Sasa hii kiatu inatoka wapi?" Joash akafoka, jasho linamtoka. "Nani anajua hii kitu?"

Hakuna aliyejua. Ogeto mwenyewe, kwa maumivu, alikuwa amesahau tena.

Mama Esnah alikuwa ameligeukia jiko. Mabega yake yalikuwa yamekaza, na alikuwa amekamata leso yake kwa vidole vyote. Ogeto akaguna mara nyingine.

"Pindua kisigino nje," Mama Esnah akasema, bila kugeuka. "Ndani haitoki, nimejaribu. Nje."

Joash akapindua nje. Kiatu kikaachia, tak.

Joash alibaki amechutama, kiatu cha shemeji yake mkononi, akiutazama mgongo wa mama yake. Kisha akainuka, akaenda kumfungua ng'ombe aliyekuwa amefungwa tayari kwa mnunuzi, akampeleka malishoni.

Ogeto hakuharakisha kuinuka. Alilala pale mavumbini na suti yake ya kanisani, uso unamwaka, na Bonareri akaja kumpa mkono.